Nukta Nyekundu Niliyoipaka Vibaya

Yoba, Gitega, jioni ya kuamkia safari

Keza mwanangu,

Mkono unaoandika hapa ni wa jirani yetu Mama Zuhura, lakini maneno ni yangu. Nimemwambia asinisafishe. Nikisema mjinga, aandike mjinga. Ameiweka kando cherehani yake, amevaa miwani, amesema, "Sawa, we sema tu, mi niko naandika. Lakini usinililie juu ya karatasi, wino itaharibika." Nimemjibu kwamba machozi yangu nimekwisha kuyamalizia jikoni, na moshi ndio uliosingiziwa.

Wewe umekwenda Musinzira kuwaaga wenzako wa kwaya, kwa hiyo nyumba imenipa nafasi. Ukirudi utaikuta barua hii ndani ya begi lako, juu ya lile ovaroli. Isome kabla hatujaondoka asubuhi. Ungeniuliza kwa nini nisikwambie uso kwa uso wakati tunakaa nyumba moja, ningekujibu kwamba unanijua. Nikikuangalia, mdomo wangu huanza na pole na kumalizia na matusi.

Sitakuambia habari za chandarua wala sabuni. Unafua vizuri kuliko mimi. Ukishindwa kupika huko Muyinga, ule kwa watu, hutakufa. Unakwenda kujifunza ufundi kwenye gereji ya fundi Saidi, na mambo ya gereji siyawezi. Nina jambo moja tu, na limenikaa kooni tangu siku ile tulipompeleka baba mdogo wako Deo kuposa.

Tangu siku ile unanijibu "ndiyo" na "hapana" kama mtu anayeulizwa na askari wa mpakani. Umenipikia. Umenichemshia maji ya kuoga. Mgongo uliponikamata ulinikanda mpaka nikalala. Lakini "Bibi" hujaniita. Neno dogo hivyo! Nimekaa nikilitegea sikio uani, jikoni, mpaka nje ya choo. Ninaogopa kwamba kesho utashuka Muyinga na begi lako, utasema "haya, kwaheri", na neno hilo litabaki huko kwenye tope nilikolimwaga.

Ngoja nianzie mbali kidogo, nisije nikaanza kujitetea.

Gari la babu yako unalijua kuliko mimi, lakini hukuniona mimi na gari hilo tulipokuwa wote wawili na nguvu. Tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania, tumepita pale mpakani Kobero na magodoro kichwani, na watu wa vilimani hapa walitucheka kwa Kiswahili chetu. Babu yako alipopata gari, kazi yake ikawa kupanda vilima kukusanya maparachichi na kuyapeleka Kobero kwenye malori. Njia za vilima unazijua. Mvua ikinyesha, udongo ule mwekundu unakuwa kama sabuni.

Na gari lile kwenye lami linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ukitaka ya mbele nayo yafanye kazi, lazima mtu ashuke, ainame kwenye kila gurudumu la mbele, ageuze kile kitu cha duara kilicho katikati, ambacho babu yako alikiita kitasa. Cha kushoto, halafu cha kulia. Ndipo dereva avute ile gia ndogo. Kimoja kikisahauliwa, ni sawa na kusahau vyote. Babu yako alikuwa na mguu mbovu. Kushuka na kupanda kwenye tope kulimtesa. Kwa hiyo aliyeshuka ni mimi.

Juu ya kila kitasa kuna maneno mawili ya Kizungu yaliyochorwa kwenye chuma, moja la kufunga na moja la kuachia. Mimi shuleni sikufika hata mlangoni. Babu yako alinionyesha, nikachukua rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka mlango wetu, nikaweka nukta penye kufunga, upande huu na upande ule. Akacheka mpaka akakohoa. "Mke wangu amelipaka gari rangi ya kucha!" Lakini siku ya kwanza tulipokwama, alitoa kichwa dirishani.

"Umefunga?"

"Nimefunga!"

"Vyote viwili?"

"We unanionaje?"

Gari likapanda kama mbuzi. Nikabaki nyuma nimejaa tope mpaka kwenye viwiko, nikilikimbilia na kitenge mkononi. Wanaume waliokuwa wamekaa barazani wakapiga kelele, "Mzee, utingo wako anavaa kitenge!" Babu yako akawajibu bila kupunguza mwendo, "Huyo si utingo! Huyo ndiye gari lenyewe!"

Keza, hapo ndipo nilipopata kuwa mtu katika nchi hii. Nilikuwa mke, nilikuwa mama, sawa, lakini hayo kila mwanamke wa kilima kile alikuwa nayo. Mimi nilikuwa na vitasa viwili na nukta mbili. Nakuambia haya si kwa kujivuna. Nataka uone ni nini nilichokuwa nakilinda, kama fisi na mfupa wake.

Unaikumbuka siku uliyonisomea? Labda hukumbuki, ulikuwa umeanza shule juzijuzi na meno ya mbele huna. Tulikuwa tumesimama njiani, mimi nimeinama kwenye gurudumu, wewe ukachuchumaa karibu yangu ukaweka kidole kwenye chuma. "Bibi, hili neno linaanza na kitu kama mguu na unyayo wake. Ukiuona mguu, hapo ndipo pa kufunga. Huhitaji nukta."

Nilikupiga kibao cha mkono. Nikasema utajichafua. Utajichafua vipi, na tope lilikuwa limekufika masikioni? Nilikupiga kwa sababu mtoto asiye na meno alikuwa amenifukuza kazi. Ulinyonya kile kidole ukaniangalia tu, hukulia. Mtazamo ule nimeuona tena juzi, kwa hiyo najua haukupotea, ulikuwa unasubiri.

Babu yako alipofariki, Deo akashika usukani, na baadaye wewe. Mimi niliendelea kushuka. Mgongo ulipokataa, nilianza kukutuma wewe, lakini kwa amri. "Fuata nukta, usinifuatie maherufi." Nawe ulifuata. Ulikuwa unajua kusoma, na ulifuata nukta za mwanamke asiyejua kusoma, kwa heshima tu. Hilo sikulifikiria hata siku moja mpaka wiki hii.

Sasa nafika penyewe. Mama Zuhura anasema ninywe maji kwanza. Sinywi.

Kabla ya mvua kuanza, gari lilipelekwa kwa fundi Saidi kubadilishwa beringi za mbele. Unakumbuka lilivyorudi. Yule mzee ni msafi, alikuwa ameosha kila kitu kwa petroli, mpaka vitasa viking'aa kama vikombe vya arusi. Na nukta zangu zilikuwa zimekwenda na uchafu.

Nilisimama uani nikiviangalia vile vyuma vitupu. Nilijiona kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishiwa ukuta mwingine. Deo alikuwa amelala. Wewe ulikuwa umekwenda sokoni na ulikuwa karibu kurudi. Ningekaa tu kwenye kigoda nikakungojea, ningesema, "Keza, njoo unionyeshe ule mguu wako na unyayo." Maneno machache hivyo. Nilikwisha kuyapanga mdomoni. Nikayameza.

Nikatafuta rangi, nikapaka mwenyewe, kwa kukumbuka. Upande wa kushoto nilikumbuka vizuri. Ukisimama kuliangalia gurudumu, nukta inakuwa upande wa mkono wa kulia. Nikazunguka gari, nikasimama upande wa pili, nikaweka nukta mkono wa kulia vilevile. Haikunijia akilini kwamba kitasa cha huku kinaweza kukaa tofauti na cha kule. Au ilinijia, nikaifukuza. Kitu fulani kilinikuna, Keza, kwa sababu mkono ulisita. Lakini nilikusikia unasalimiana na watu njiani, nikaharakisha. Halafu nikachota vumbi, nikalipaka juu ya rangi mbichi ili nukta zionekane za zamani.

Ndiyo, vumbi. Mama Zuhura ameacha kuandika, ananiangalia juu ya miwani. Andika, mama. Si unasema unaandika kila kitu?

Ameandika. Tuendelee.

Siku chache tu baadaye ikaja siku ya posa. Deo amevaa suti, hawezi kuendesha akafika amekunjamana, kwa hiyo usukani ulikuwa wako. Wewe na imvutano yako mpya, lile vazi letu la sherehe, bega moja wazi, umependeza mpaka nikakutukana kidogo ili usiharibike na sifa. Mama Zuhura na wanawake wengine nyuma, na mtungi wa urwarwa, pombe yetu ya ndizi, katikati ya magoti yao. Lami ilituchukua vizuri mpaka tukapita Muyinga. Tulipoiacha lami kuelekea kilima cha wakwe, mvua ikatufungulia.

Ulisimamisha gari pale chini ya kilima ukasema, "Nashuka kufunga."

Nikasema, "Kaa. Nitashuka mimi."

Mgongo uliniuma, viatu vilikuwa vya kuazima, lakini huko juu nilikuwa nimeona miavuli ya wakwe inateremka kutupokea, nami nilitaka wanione. Mama wa bwana harusi, mwanamke wa umri huu, anafunga magurudumu kwa mikono yake! Nilifuata nukta ya kushoto. Nikafuata nukta ya kulia. Nikapanda nimenyoosha shingo.

Ukavuta gia ndogo. Magurudumu ya nyuma yakaanza kuchimba, ya mbele yakakaa kimya kama ng'ombe aliyekataa kuvuka maji. Ukajaribu tena. Gari likaanza kuteleza kwenda mtaroni, wanawake nyuma wakapiga yowe.

"Bibi, umefunga?"

"Nimefunga!"

Ukashuka. Imvutano yako yote kwenye tope, hukujali, ukachuchumaa kwenye gurudumu la kulia, ukaweka kidole palepale ulipokiweka ulipokuwa huna meno. Ukasema kwa sauti ya chini, ili nisikie mimi peke yangu, "Bibi, huku hakujafungwa. Nukta imekosea."

Kwa sauti ya chini! Ulinipa nafasi. Mtu mwenye akili angesema, haya, geuza twende. Wakwe walikuwa bado hawajafika.

Nami nilijua. Sitaki uje ufikiri kwamba nilidhani, au kwamba umri umenichanganya. Nilijua. Nikaona vumbi langu, nikaona rangi yangu, na nikasikia miguu ya wakwe inakaribia, nikapaza sauti.

"Nukta hii niliiweka kabla hujazaliwa! Ondoka hapo! Mtu anashindwa kuendesha, anatafuta wa kumsingizia!"

Nikakuvuta mkono, ukakaa chini kwenye tope. Na wakati huo wakwe wamekwisha kufika, wamesimama na miavuli yao, nikasema lile neno. "Mdomo huo ndio uliomchosha mama yako akakuacha."

Nimemtaka Mama Zuhura aliandike kama lilivyotoka. Alikuwepo, alilisikia, haifai kulipunguza.

Ulisimama, ukapanda, ukashika usukani kwa mikono yenye tope. Wakwe wakaweka miavuli chini wakaja kutusukuma, wageni wakasukumwa na wenyeji, mtungi ukaangukia upande, urwarwa ikawamwagikia wanawake. Yule mzee wa kwao mwenye kofia akatuangalia tulivyotapakaa, akauliza, "Samahani, jamani. Mmekuja kuomba mke, au mmetoka kulima mpunga?" Watu wote wakacheka. Deo akacheka, na suti yake. Mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote, maana nilikuwa nimeokoka. Na yule mzee alipouliza ndani ya nyumba, mbele ya watu waliokaa, kama binti huyu aliyelowa ndiye dereva wetu, nilisema, "Ndiye aliyetuzamisha. Na fundi wake wa Muyinga, yule aliyeliharibu gari."

Kwa hiyo nilimchafua na mzee wa watu ambaye kesho unakwenda kukaa kwake.

Umejua kuniadhibu, mwanangu, kwa sababu hukuniadhibu. Tuliporudi Yoba, asubuhi uliliinua gari mbele na nyuma kwa jeki, magurudumu yote hewani, ukaweka mawe na magogo chini, ukanisogezea kigoda. "Kaa hapo uangalie." Nilijua ninakalishwa kizimbani, nikakaa. Ukawasha injini, ukavuta gia ndogo. Ukaniambia niangalie chini ya gari, ile propela, chuma kirefu kinachopeleka nguvu mbele. Ilikuwa inazunguka. Kwa hiyo, ukasema, gia haina kosa, injini haina kosa, nguvu inafika mbele. Ukanionyesha gurudumu la kushoto, limesimama. La kulia, limesimama. Lakini nyuma ya lile la kulia, shafti, kile chuma cha kulizungusha gurudumu, ilikuwa inazunguka peke yake kama kichaa sokoni. "Nguvu inakimbilia upande usioshikwa. Upande mmoja ukiwa wazi, ule uliofungwa nao haupati kitu."

Ulisema kwa upole, kama unamfundisha mteja. Halafu ukazima injini, ukageuza kitasa cha kulia, ukakipeleka mbali na nukta yangu. Kikagoma katikati, kikalia krr. Ukasema basi kuna na lingine. Ukafungua zile bolti, ukatoa kifuniko, na ndani grisi ilikuwa imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Maji ya tope lile yalikuwa yameingia. Ulisafisha kila kipande kwa petroli, ukakausha, ukanipa springi niishike. Ukapaka grisi mpya kidogokidogo kwa kidole, ukaniambia ikijaa sana kitasa kinakuwa kizito. Ukakata gasketi ya kuzuia maji kwenye karatasi ngumu ya boksi la sabuni, kwa mkasi wa Mama Zuhura, ambao bado hujamrudishia, anasema niliseme na hilo.

Na kabla ya kukifunga uliona ile nukta. Ukaikwaruza kwa ukucha. Rangi ya miaka mingi hubanduka kama gamba. Hii ilikunjamana, ikanata. Chini ya vumbi ilikuwa mbichi. Uliangalia ukucha wako. Ukaniangalia mimi. Nilikuwa nimeshika springi yako kwa mikono miwili kama mtoto aliyepewa yai.

Deo akatokea anapiga mswaki. "Sasa Keza, hii gari iko na nini?"

Ukafuta ukucha kwenye kitambaa. "Maji iliingia kwenye kitasa cha kulia, baba mdogo. Grisi iliharibika."

"Kumbe! Basi haikuwa we?"

"Ilikuwa maji."

Ukawasha, ukavuta gia, na magurudumu yote mawili ya mbele yakazunguka hewani, pamoja, polepole. Deo akapiga makofi na mswaki mdomoni. Nami nilitaka ardhi inifunike palepale kwenye kigoda. Maji yale yaliingia kweli, hukusema uongo. Lakini ulichukua kosa langu ukalitia ndani ya maji, mbele ya mwanangu, ili niendelee kuwa mama yake bila aibu. Mimi mbele ya watu nilikuwa nimekutia tope. Wewe mbele ya watu ukanifuta.

Nimeishi na aibu nyingi, Keza. Aibu ya kuchekwa kwa Kiswahili, aibu ya kutia dole gumba watu wengine wanapotia sahihi. Hizo zote nilizibeba, kwa sababu nilitiwa na wengine. Hii nimejitia mwenyewe na siwezi kuiweka popote.

Kuhusu mama yako. Neno lile lilikuwa uongo. Baba yako alipofariki, mama yako alikuwa msichana mdogo na mimi nilimfuata nyumba nzima kama kuku mwenye vifaranga. Ameosha vibaya, amecheka sana, amekaa msibani bila kulia vya kutosha. Aliyemchosha ni mimi. Alipoolewa tena Kabanga, ng'ambo ya mpaka, aliondoka na begi moja na alikuaga akilia mpaka nikamwona anashika ukuta. Wewe ulikuwa huongei bado. Ungemchosha kwa mdomo gani? Ukikutana naye Kobero, mwambie Bibi amesema hivyo, mwenyewe, kwa mkono wa Mama Zuhura. Anamjua, atasadiki.

Sina mafunzo ya kukupa. Nina kitu kimoja ambacho labda kitakufaa gereji. Kutakuja mtu na gari lake, atakuambia, "Sijagusa kitu, liliharibika lenyewe." Angalia mikono yake kabla ya injini. Na ukiona rangi mbichi kwenye kucha zake, muulize akiwa peke yake, kama ulivyoninong'oneza mimi mara ya kwanza. Akikupigia kelele, basi kelele hiyo ndiyo jibu, usiichukue ukaenda nayo kulala. Mimi nilikupigia kelele nawe umelala nayo. Irudishe. Ni yangu.

Sasa sikia nilivyopanga, na usibishane.

Kwetu neno ulilolitamka mbele ya watu hulirudishi chumbani. Mama Zuhura naye anasema kwao ni hivyohivyo. Kwa hiyo kesho hatukupeleki moja kwa moja kwa fundi Saidi. Nimenunua mtungi mwingine wa urwarwa, na soda kwa ajili ya Mama Zuhura, na Deo amekwisha kuwapigia simu wakwe. Tunapita Muyinga mpaka kilima kile, wale wote waliosikia watakuwepo, hata yule mzee wa kofia na mdomo wake. Nitasimama niseme nukta niliipaka nani, lini, na vumbi lilitoka wapi. Deo nimemwambia mchana huu. Akauliza, "Mama, na ile vumbi pia?" Nikasema na ile vumbi pia. Akatoka nje kucheka, nikamsikia. Acha acheke. Halafu tunarudi mjini, nimwangukie fundi Saidi, ndipo nikuache.

Leo ulipoondoka kwenda Musinzira nilichukua petroli na kitambaa, nikafuta nukta zote mbili, hata ya kushoto iliyokuwa sahihi. Halafu nikapiga magoti kwenye gurudumu, nikautafuta ule mguu wako kwa kidole, maana macho yangu kwa karibu hayaoni kitu. Upande wa kushoto niliupata upesi. Mguu umesimama, unyayo umeelekea mbele. Upande wa kulia nilihangaika, nikapapasa, nikatukana, Mama Zuhura akatoka kuja kuangalia ni nani anayepigana. Hatimaye nikaupata. Uko upande wa pili kabisa, palepale uliponionyesha siku zile huna meno. Nimeugusa mara nyingi mpaka kidole kikaujua.

Mvua inanyesha tangu mchana, kwa hiyo tope litakuwepo. Tukifika chini ya kilima, wewe usishuke. Kaa kwenye usukani na imvutano yako safi. Nitashuka mimi, nitafunga cha kushoto, nitafunga cha kulia, bila nukta. Wewe toa kichwa dirishani uniulize kama babu yako alivyokuwa akiniuliza. Na nikiwa nimekosea, usininong'oneze. Sema kwa sauti, miavuli yote isikie: "Bibi, umekosea."

Lakini anza na Bibi.

Ni mimi,
aliyekulea na kukuvuta mkono,
Bibi yako